Dada Paska, Viza Imekataliwa

Unyambwa, Jumapili, 11 Agosti 1996. Asubuhi baridi, upepo mkali tangu alfajiri, vumbi mpaka ndani ya ndoo ya maji. Hakuna wingu.

Dada,

Naandika katika kitabu changu kile kile cha kila siku, ila kurasa za leo ni zako. Ulikuwa ukinicheka, "Vero, unaandika kwamba mvua imenyesha, na sisi wote tumelowa?" Bado naandika. Leo nimeandika hali ya hewa, kisha nikakaa na kalamu mkononi na neno la kufuata halikuja. Mama amekwenda misa na watoto. Nimemwambia nina maumivu ya kichwa. Sina maumivu. Sina chochote, ndiyo shida yenyewe.

Viza imekataliwa.

Nikueleze tangu mwanzo, maana haya yote yamekuja baada yako. Unamkumbuka Sista Klara wa wodi ya wanawake, yule mrefu aliyekukanda miguu ilipovimba, na wewe ukasema mikono yake ni ya baridi kama mtungi. Alirudi kwao Ulaya mwaka juzi. Shirika lao lina nyumba ya wazee huko, wazee wasioweza kuoga wenyewe wala kugeuka kitandani, na watu wa kuwahudumia hawapatikani. Akaniandikia. Akasema kazi ni ile ile ninayoifanya hapa, kuosha, kulisha, kugeuza, kubadilisha mashuka. Mkataba wa miaka miwili. Nyumba ya kulala ipo, nauli wanalipa wao.

Hapa hospitali imebadilika, Dada. Wafadhili wamepungua, wagonjwa sasa wanachangia gharama, na wasio nacho wanakaa nyumbani mpaka hali iwe mbaya kabisa. Wahudumu tumepunguzwa. Mimi nilibaki, lakini kila mwisho wa mwezi tunapanga mstari mbele ya ofisi ya Katibu, na mara nyingi anatoka mlangoni na kusema, "Wapendwa, subirini kidogo." Mjini maduka yamejaa vitu ambavyo zamani tulivisikia redioni tu. Wapo wanaovinunua. Agnesi wako yuko darasa la saba, mtihani ni mwezi ujao. Akifaulu, atahitaji kila kitu. Asipochaguliwa shule ya serikali, sasa zipo za watu binafsi, nazo zinataka hela kabla ya kumuuliza mtoto jina. Ndiyo maana nikasema nitakwenda. Miaka miwili tu, watoto wabaki na Mama, nirudi Agnesi akiwa kidato cha pili.

Habari ilitoka hata kabla sijaitoa. Wanawake wa kisimani wakaanza kuniita Mzungu wetu. "Mzungu wetu, tupishe basi tuteke, wewe huko utafungulia bomba." Mjomba Ramadhani alikuja kutoka Ihanja na karatasi ya mfuko wa saruji, akaiweka sakafuni, akakanyaga juu yake na kuniambia nizungushe kalamu. Anataka viatu vya ngozi, vya kufunga. Nikamchora. Mama Zaituni wa jirani akaleta mguu wake naye, na mguu wa mume wake ambaye mwenyewe hakujua kwamba amechorwa. Ima wako, mdogo wake Agnesi, akalia mpaka nikamchora na yeye. Nikamwambia kwa miaka miwili mguu huo utakuwa umekua. Akasema, "Basi nichore mkubwa." Miguu yote ile bado imo ndani ya sanduku.

Dar es Salaam nilikwenda mwezi Mei. Ubalozini unakaa upande huu wa kioo, na ofisa upande ule. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, na pembeni yake kijana wetu wa kutafsiri. Nilikuwa nimepanga karatasi zangu kwa utaratibu, unanijua. Cheti cha kidato cha nne, barua ya hospitali, barua ya Sista Klara, cheti changu cha ubatizo, vyeti vya ubatizo vya watoto. Fomu niliijaza hapa nyumbani kwa penseli kwanza, ndipo nikapitisha wino. Kwenye nafasi ya watoto niliandika wawili. Agnesi na Emanueli, Ima wetu.

Sikufikiri, Dada. Sikukaa nikajiuliza niandike nini. Ungeniuliza jina langu, ningekujibu hivyo hivyo.

Hukuwapo siku ya kumaliza matanga, kwa hiyo nikuambie ilivyokuwa. Wewe ulikuwa hapo nyuma ya shamba la alizeti, udongo bado mbichi. Ukoo ulikaa uani. Mjomba Ramadhani alileta kigoda chako, kile ulichokuwa unakalia ukiuza kuku sokoni Ihanja, akaniambia nikae. Nikakaa. Mama akaleta ugali kwenye sahani moja, akawaweka Agnesi na Ima magotini pangu, na Agnesi alikuwa mkubwa tayari, miguu ilifika chini, aliona haya. Nikaambiwa niwalishe kwa mkono wangu mbele ya watu wote. Tonge kwa huyu, tonge kwa huyu. Mjomba akasimama, akasema wamekwisha kula kwa mama yao, tumeona. "Kuanzia leo, atakayewaita hawa yatima katika nyumba hii, faini mbuzi! Hata nikiwa mimi. Na asiyekuwa na mbuzi afunge mdomo." Watu wakacheka, na wewe ungecheka. Baba yao alikuwa machimboni Mererani tangu Ima hajazaliwa, na mpaka leo hakuna aliyeleta habari zake.

Tangu siku ile Agnesi akaacha kuniita mama mdogo. Hakuna aliyemfundisha. Kesho yake asubuhi aliniuliza, "Mama, ndoo ipi?" na mimi nikamwonyesha ndoo. Jioni niliandika katika kitabu: Agnesi ameuliza ndoo. Sikuandika zaidi.

Wewe ndiye uliyebaki Ihanja barabarani unauza kuku kwa madereva wa malori ili mimi nimalize sekondari. Hata kitabu changu cha kwanza cha kuandikia ulikipata kwa mnunuzi wa kuku, shajara ya mwaka uliokwisha, ukaniambia tarehe zimepita lakini karatasi ni nzima. Kwa hiyo usione kwamba nakuambia habari za kigoda ili unishukuru. Nakueleza tu kwa nini niliandika wawili.

Ofisa akavisoma vile vyeti vya ubatizo. Akamwuliza kijana, kijana akaniuliza mimi.

"Hapa mama wa watoto ni Pasikalina. Ni nani?"

"Dada yangu. Ni marehemu."

"Kwa hiyo watoto si wako."

"Ni wangu."

Kijana akatafsiri. Ofisa akaweka kalamu mezani taratibu, akauliza tena, na kijana akaniuliza kwa sauti ya chini kidogo, "Dada, umewazaa wewe?"

"Hapana. Ni watoto wangu."

Sikuona tatizo lolote. Nilidhani anapata shida na Kiswahili. Waliponirudishia vyeti, kijana akanisindikiza hadi mlangoni, akasema, "Aisee dada, kwa nini hukusema tu ni watoto wa dada yako? Hata mimi kwetu ninao watatu wa hivyo, lakini hapa huwa sisemi." Akatabasamu kama anayempa pole mtu aliyekosa basi.

Barua ilikuja kwa sanduku la parokia, Jumatatu iliyopita. Katibu alinikabidhi nikiwa kwenye kamba za nguo nyuma ya wodi. Niliisoma nimesimama. Inasema nimetoa maelezo yasiyo ya kweli kuhusu watoto, na kwamba kwa sababu hiyo hawana uhakika na mambo mengine niliyoyaeleza. Nikaikunja nikaitia mfukoni mwa gauni la kazi. Mashuka yalikuwa yamekauka. Nikayatoa kwenye kamba, nikayakunja yote, nikayapeleka stoo. Kisha nikamwosha bibi mmoja wa Mitundu mwenye nyonga iliyovunjika. Akaniuliza mbona leo siongei. Nikamwambia nasikiliza.

Nilingoja machozi, Dada. Jioni ile niliyangoja kabisa, nilikaa jikoni peke yangu ili yakija yasinikute mbele ya watoto. Hayakuja. Mwili wote ni kama mguu uliokaliwa, ganzi tupu. Nakula, naosha vyombo, naitika nikiitwa. Mama Zaituni aliposikia alikuja kunipa pole na akalia yeye, na mimi ndiye niliyemtafutia kanga ya kujifutia.

(Nimesimama hapa kuwapikia. Wamerudi misa. Ima anasema padri amepiga chafya katikati ya mahubiri na watu wakaitikia amina.)

Mchana, upepo uko pale pale.

Naendelea. Sasa ndiyo nafika kwenye jambo lenyewe.

Katibu wetu ni mtu mwema. Alipiga simu ubalozini kwa niaba yangu, akapewa yule kijana. Kijana akauliza ndani, akarudi na jibu: watalitazama tena ombi langu iwapo nitaleta hati ya kiapo ya mahakama. Niape kwamba nilikosea, kwamba watoto si wangu, ni yatima wa marehemu dada yangu na wanatunzwa na bibi yao. Katibu anakwenda Dar Jumanne kuchukua dawa, atabeba bahasha mwenyewe. "Veronika," akasema, "hii ni karatasi tu. Sahihi, muhuri, basi. Mwezi wa kumi uko ndani ya ndege."

Ijumaa nikaenda mahakama ya mwanzo. Karani akanisikiliza huku akipiga mashine, hata hakuniangalia. Ameandika hati kama hizo nyingi, maneno yanatoka yenyewe. Akanipa nakala nikaisome nyumbani, nirudi nayo Jumatatu, nisaini mbele ya hakimu.

Jioni nikamsomea Mama. Nilimsomea kwa Kiswahili, na penye ugumu nikamweleza kwa Kinyaturu. Nilifika mahali pameandikwa: "Mimi si mama wa watoto hao. Watoto hao ni yatima." Mama akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Basi huyo karani ana deni la mbuzi. Mwambie asilete jike lenye mimba, tutagombana." Nikacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea. Akasema nisaini. "Sisi tulisema kwa vinywa, mbele ya watu. Karatasi ya huko haiwezi kufuta ya vinywa. Nenda mwanangu, uwaoshe hao wazee wao, urudi."

Mama, ambaye ndiye aliyeshika ile sahani ya ugali! Nilidhani atakuwa wa kwanza kukataa, nami nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Kumbe yeye amekwisha kuvuka, na aliyekwama ni mimi.

Katika vitabu vyangu vyote vya miaka hii hakuna neno nililoandika nikijua si kweli. Hata siku ulipofariki niliandika saa, na nani walikuwapo, na kwamba uliomba uji ukaukataa. Sasa nilipoandika kweli wameiita uongo, na wanataka niape uongo ili waniamini. Nilitaka kumweleza Mama hivyo nikaona maneno ni mengi. Nikasema nitafikiri.

Ndipo sauti ikatoka uani. "Mama mdogo, maji yamechemka."

Agnesi alikuwa nje ya dirisha anachambua maharage. Alikuwa ameyasikia yote.

Hakulitamka kwa hasira, Dada. Hilo nataka ulijue. Ana sauti yako, ile isiyopanda. Alilitamka kama mtu anayerudisha chombo cha jirani, amekiosha vizuri na kukifuta. Mama akaniangalia. Mimi nikasema, "Sawa, nakuja," nikaenda, nikaipua sufuria. Na jana kutwa ikawa hivyo. Mama mdogo, Ima amechana kaptura. Mama mdogo, nimwage haya? Ima akamkazia macho dada yake, akaniangalia mimi, na akaamua kutoniita chochote. Alikuwa ananivuta sketi tu.

Hata hapo sikulia. Nilijisikia kama ninayatazama ya nyumba nyingine kupitia dirisha.

Leo asubuhi walipokwenda misa nilitoka nikaja kwako kwanza, kabla ya kukaa kuandika. Alizeti zimekwisha kuvunwa, mabua tu yamebaki, unaonekana kutoka nyumbani siku hizi. Upepo umeulaza msalaba wako upande. Nikauinua nikauweka sawa, nikakanyagia udongo. Nilitaka kukuuliza nikashindwa namna ya kuuliza. Nikakumbuka tu ulivyokuwa Ihanja, mteja akikuuliza kuku huyu ni jogoo au tetea na anaona wazi kwamba ni jogoo. Hukugombana naye. Ulimgeuza yule kuku, ukamwonyesha mwenyewe, ukasema, "Tazama, kisha uniambie wewe." Wengine waliondoka bila kununua. Uliwaacha waende zao, ukakaa tena kwenye kigoda.

Jioni, baada ya kuogesha watoto.

Nimefanya hivi. Nilichukua ile nakala ya karani, nikaigeuza, na nyuma yake nikaandika kwa mkono wangu maneno ninayotaka ayapige kesho. Nimeyafupisha mpaka yamebaki yale tu ninayoweza kuapa juu yake. Yanasema:

Agnesi na Emanueli walizaliwa na dada yangu Pasikalina, ambaye ni marehemu. Tangu ukoo ulipomaliza matanga yake, mama yao ni mimi. Nikiwa kazini huko, watakaa na mama yangu mzazi. Nitarudi kwao.

Basi. Neno yatima sikuliandika. Kwamba nilikosea sikuandika pia, maana sikukosea.

Karani atanuna, atasema hivyo sivyo hati zinavyoandikwa. Nitamwomba aandike tu, na asipotaka nitamwambia habari ya mbuzi. Hakimu ni mzee wa Ikungi, nadhani ataelewa, naye kigoda anakijua. Katibu ataisoma na kutikisa kichwa, kisha ataibeba. Yule kijana wa kutafsiri ndiye mwenye kazi ngumu. Itampasa aiseme kwa lugha yao, na amesema mwenyewe kwamba anao watatu. Labda ofisa ataelewa. Nadhani hataelewa. Nadhani watakataa mara ya pili, nami nitabaki hapa nakunja mashuka na kupanga mstari mbele ya ofisi, na Agnesi akichaguliwa tutatafuta njia, sijui ipi. Sitaki kukudanganya kwamba ninayo. Mjomba itabidi avae makubadhi yake.

Niliiacha karatasi mezani, upande wa maandishi yangu ukiwa juu, na taa pembeni yake. Sikumwita mtu. Agnesi aliingia kuchukua upawa. Nilimsikia amesimama. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, nikaendelea kusonga, na moyo Dada, moyo huu ambao wiki nzima haukuwa na habari yoyote, ukaanza kupiga mpaka masikioni.

Akaja mlangoni na upawa mkononi. Akachungulia kwenye kopo juu ya kabati.

"Mama, chumvi imeisha."

Ni hayo tu. Nikamwambia aende kwa Mama Zaituni akaazime. Akaenda anakimbia, upepo ukamfungia mlango nyuma yake. Ima akaniuliza, "Mama, mbona unalia moshini?" Nikamwambia atoke moshini.

Paska, nakuacha sasa, mafuta ya taa yanakwisha. Upepo umepungua, msalaba wako utakaa wima mpaka asubuhi. Nikienda Ulaya au nisipokwenda, nakuahidi jambo moja: popote nitakapoulizwa nina watoto wangapi, mbele ya kioo au nyuma yake, jibu ni lile nililoandika kwa penseli nikapitisha wino. Na wakiuliza nani aliwazaa, nitakutaja wewe kwa jina lako lote. Pumzika, dada yangu.

Nimekwenda kulala saa nne kasoro robo.

Vero wako